Nataka kompyuta yenye nguvu na yenye sura: nikate nini kwenye orodha?

Shikamoo fundi,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, na leo nimejikaza na mimi niandike. Nina miaka 26. Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video, nyingi zikiwa za harusi, na usiku nikipata nafasi nacheza gemu. Kwa miaka mitano kila kitu nimekifanya kwenye laptopu moja ambayo sasa imechoka kabisa. Nikiweka video mbili za 4K moja juu ya nyingine, picha inakwama kila baada ya sekunde chache, feni inavuma, na kibodi inapata moto hadi herufi za katikati siwezi kuziwekea kidole. Mwezi uliopita nilimchelewesha bibi harusi siku nne kwa sababu ya faili moja iliyokuwa ikikatikia njiani kila nilipojaribu kuitoa. Aliponipigia simu sikuwa na la kumwambia.

Nimeweka akiba mwaka mmoja na nusu ili nijenge kompyuta ya mezani kwa mikono yangu mwenyewe. Sijawahi kujenga. Nataka iwe na nguvu, na nataka iwe nzuri. Itakaa kwenye chumba ninachopokelea wateja, na mimi nitakuwa nayo saa kumi kwa siku.

Orodha yangu ndiyo hii. Prosesa ni Ryzen 9 9950X3D, kwa sababu kila ninakouliza naambiwa ndiyo kubwa. Ubao mama ni wa X870E, ule wa juu kabisa. RAM ni vipande vinne vya GB 16 vyenye taa, maana nafasi ikibaki wazi naona kama jino limeng'oka. Kipoza ni cha maji, milimita 360, chenye kiskrini juu ya pampu. SSD ya kuhifadhia mafaili ni moja ya TB 1, ya njia mpya ya kasi, PCIe 5.0. Kadi ya michoro ni RTX 5070 ya GB 12. Kasha ni la kioo mbele na ubavuni, na feni kumi za taa. Pawa saplai ni ya wati 650 inayouzwa pamoja na kasha. Kampuni yake sijawahi kuisikia, lakini imeandikwa 650 kwa hiyo nadhani inatosha. Skrini nitaendelea na ya zamani, 1920 kwa 1080, hezi 60.

Kaka yangu ameiona orodha akasema taa ni mambo ya watoto, nichukue sanduku jeusi nifanye kazi. Rafiki yangu anasema ninunue iliyokwisha kuungwa. Siku hizi mbili silali vizuri. Nahofia kumaliza akiba yote halafu nibaki na pambo linalokwama kama laptopu. Nikate nini, niongeze nini?

Mpenda Mwanga

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na kaka yako, maana naona maneno yake yamekuuma. Mtu atakayekaa mbele ya chombo saa kumi kila siku ana haki ya kukipenda akikitazama. Uzuri tunauacha kwenye orodha, na nitakuonyesha unapopatikana. Kinachonisumbua mimi ni kwamba pesa yako imekimbilia majina makubwa, huku vitu vitatu vinavyoibeba kazi yako hasa, yaani skrini, kadi ya michoro na pawa saplai, vimeachiwa makombo.

Skrini hukuiuliza, lakini ndipo ninapoanzia. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3. Skrini yako ina milioni 2 na ushei, yaani robo tu. Maana yake unahariri uso wa bibi harusi bila kuuona sawasawa, labda uukuze kipande kipande. Fokasi ikihama kutoka jichoni kwenda kwenye shela, atakayekuambia ni mteja mwenye televisheni kubwa. Na kwenye gemu, hata kadi ikitoa fremu 150 kwa sekunde, skrini ya hezi 60 inabadilisha picha mara 60 basi. Fremu nyingine zote umezilipia na hazijafika machoni. Tafuta ya inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, hezi 144 au zaidi, yenye paneli ya IPS na rangi zinazokaribia kujaza wigo wote wa sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi za skrini. Ile ya zamani isogeze pembeni, uifanye ya kuwekea madirisha ya mafaili na sauti. Kwa mhariri, skrini mbili ni raha ambayo ukishaizoea huwezi kurudi nyuma.

Kutoka kwenye skrini tunakwenda kwenye kadi. Programu za kuhariri video kama DaVinci Resolve zinaitwisha kadi ya michoro mzigo mkubwa: kusahihisha rangi, kupunguza chenga za picha ya gizani, madoido yote yale. Kila fremu inayofanyiwa kazi inakaa kwenye kumbukumbu ya kadi yenyewe. GB 12 za RTX 5070 zinatosha kwa video moja ya 4K yenye kazi ya kawaida, lakini wewe unapanga tabaka juu ya tabaka. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, programu inapunguza mwendo ghafla au inakuandikia kwamba nafasi imekwisha na kusimama hapo hapo, na unarudi kwenye siku nne za yule bibi harusi. Ndiyo maana ningekusogeza kwenye RTX 5070 Ti, yenye GB 16. Radeon RX 9070 XT nayo ina GB 16 na ni kadi nzuri sana ya gemu, lakini kwa kazi yako naegemea upande wa NVIDIA, wenye RTX, kwa sababu mbili. Programu nyingi za video na 3D zimeandikwa zikitegemea zana zake. Pili, kadi za kizazi hiki cha RTX 50 zinaweza kufungua video za 4:2:2 (zinazobeba rangi nyingi zaidi ya kawaida) kwa kutumia sakiti maalumu iliyomo ndani yake, jambo ambalo RTX 40 haziliwezi. Angalia kamera yako inarekodi nini. Kama ni 4:2:2 ya biti 10, basi huenda kukwama kwa laptopu yako kulitokana na hilo kuliko uzee.

Pesa ya kupanda ngazi hiyo itoke wapi? Kwenye prosesa na ubao mama. Sikudharau uchaguzi wako. 9950X3D ina kori 16, yaani viini vya kufanyia kazi, na kumbukumbu ya ndani ya MB 128, ni mashine kubwa kweli. Lakini ile kumbukumbu ya ziada imebandikwa kwenye nusu moja tu ya kori zake, na faida yake inaonekana zaidi kwenye gemu. Kwa gemu za 1440p zenye michoro mizito, anayechelewesha mara nyingi ni kadi, prosesa inamsubiri. Chukua Ryzen 9 9900X, kori 12. Itahariri, itatoa faili, na itacheza gemu zako bila manung'uniko. Ukitajirika baadaye, unaing'oa unaweka kubwa bila kubadilisha ubao, kwa sababu zote ziko kwenye soketi (kitako cha prosesa) ya AM5. Soketi hiyo ilitoka 2022, na AMD, watengenezaji wa Ryzen, wamesema wataendelea nayo angalau hadi 2027. Wale walionunua ubao wa soketi iliyotangulia, AM4, walianza nayo 2016 na mwaka 2022 bado walikuwa wanaletewa prosesa mpya ya nguvu, 5800X3D.

Ubao mama wa B850 wenye hitisinki (vyuma vya kupoza) nene pembeni ya prosesa unakutosha. Hesabu tundu za M.2 zinapokaa SSD, hesabu tundu za USB za nyuma, hakikisha una kitufe cha kusasisha BIOS (programu ya ubao inayoiamsha kompyuta) bila prosesa kuwepo, basi. Zile za juu kabisa unalipia vitu ambavyo sioni mahali umevitaja.

RAM hapa naomba unisikilize vizuri, maana ni kosa ambalo halionekani kwa macho. Vipande vinne kwenye AM5 vinaulemea usimamizi wa kumbukumbu uliomo ndani ya prosesa. Kwa prosesa za mfululizo wa 9000, kiwango rasmi cha AMD kwa vipande viwili ni DDR5-5600. Ukiweka vinne, kiwango hicho hicho rasmi kinashuka hadi 3600. Watu hufanikiwa kuvipandisha, wengine huhangaika wiki nzima na kompyuta inayojizima yenyewe. Nunua viwili vya GB 32, vya DDR5-6000, CL30 (kipimo cha kuchelewa), vyenye alama ya EXPO, yaani mpangilio wa kasi uliokwisha kuandaliwa kwa AMD. Jumla ni GB 64 zile zile ulizotaka. Viweke kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Na lile jino lililong'oka linazibika: kuna vipande vya taa tupu, visivyo na kumbukumbu ndani, vinavyotengenezwa kwa ajili ya kujaza nafasi hizo. Vinawaka sawasawa na vingine na haviigusi kazi. Nimewahi kuviweka kwenye kompyuta ya mtu aliyelia kilio kama chako, na hakuna aliyetambua.

Kuhusu SSD, tupige hesabu. Kamera nyingi zinarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni MB 12.5 kwa sekunde, GB 45 kwa saa. Harusi ya saa sita kwa kamera mbili ni GB 540. Ukitoa nafasi ya mfumo, programu na gemu mbili, TB 1 yako imejaa kabla ya harusi ya pili. Sasa linganisha kasi: SSD ya PCIe 4.0 iliyo nzuri inasoma karibu MB 7,000 kwa sekunde, ile ya PCIe 5.0 inafika 14,000, na kila video yako moja inaomba 12.5. Huna pa kuitumia kasi hiyo, na joto lake ni kubwa zaidi. Gawa pesa ile ile: SSD moja ya TB 1 kwa mfumo na programu, ya pili ya TB 2 au 4 kwa kazi zinazoendelea, zote za PCIe 4.0. Kisha diski kubwa ya kawaida ya kuhifadhia kazi zilizokwisha, na nakala nyingine nje ya kompyuta. Harusi hairudiwi.

Nimefika kwenye pawa saplai, na hapa sitakubembeleza. Hiyo ya wati 650 inayokuja na kasha, iache dukani.

Namba iliyoandikwa ubavuni haikuambii umeme huo ni safi kiasi gani, wala kitatokea nini ukizidi. Pawa saplai nzuri ikilemewa inajizima. Mbovu ikilemewa inaweza kuondoka na ubao, kadi na diski. Tuhesabu mashine yako mpya. RTX 5070 Ti imepangiwa wati 300. Ryzen 9 9900X, ingawa boksi linasema 120, inaruhusiwa kuvuta hadi 162. Ubao, RAM, SSD, feni na taa, weka 80. Jumla 542. Wati 650 zingeonekana kutosha, ila kadi za siku hizi hazivuti umeme kwa utulivu. Kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua huruka mbali juu ya kiwango chake, kisha hushuka. Ndiyo sababu kanuni ya ATX 3.0, iliyotoka 2022, inaitaka pawa saplai yenye plagi mpya ya kadi ihimili mruko wa hadi mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. NVIDIA wenyewe kwa kadi hii wanashauri wati 750. Mimi nakuandikia 850, ATX 3.1, kutoka kampuni ambayo pawa saplai zake zimefunguliwa na kupimwa na watu wanaojua, yenye waranti ndefu. Nyingi za nzuri zinatoa miaka kumi. Alama ya 80 Plus Gold ni nzuri kuwa nayo, lakini inapima umeme mchache kiasi gani unapotea kuwa joto, haipimi uimara. Usiichukue kama cheti cha ubora.

Chukua yenye nyaya zinazochomolewa, kwa sababu nyaya usizozitumia hutazificha, hutakuwa nazo kabisa. Ila kuna jambo lililonigharimu, nikueleze. Miaka kadhaa iliyopita pawa saplai yangu ilikufa, nikanunua nyingine ya kampuni tofauti. Nyaya za zamani zilikuwa zimepangwa vizuri sana nyuma ya ubao, nimezifunga moja moja, nikaona uchungu kuzifumua. Plagi zikaingia bila shida kwenye pawa saplai mpya, umbo lilikuwa lile lile. Nilipobonyeza kitufe nikasikia mlio mdogo kama kijiti kinavunjika, kisha harufu kali ya plastiki. Diski mbili zilikufa palepale. Moja ilikuwa na picha za mwanangu za mwaka wake wa kwanza, na nakala sikuwa nayo. Kampuni hazipangi nyaya kwa mpangilio mmoja upande wa pawa saplai. Pini ya volti 12 ya huyu inaweza kuwa ya volti 5 ya yule. Tumia nyaya zilizokuja ndani ya boksi la pawa saplai yako, au za kurefusha zinazochomekwa mbele ya zile za asili. Hizo za kurefusha ndizo zenye rangi na mfuma mzuri, na zitakupa sura unayoitaka bila hatari.

Plagi ya kadi, 12V-2x6, isukume hadi usione mwanya wowote kati ya plastiki mbili. Mwaka 2022, RTX 4090 zilipotoka na toleo la kwanza la plagi hiyo, baadhi ziliyeyuka, na sababu iliyoonekana mara nyingi ni kutosukumwa hadi mwisho. Usiukunje waya karibu na plagi, uache uende moja kwa moja sentimita tatu au nne ndipo upinde. Kwa hiyo kasha liwe na upana wa kutosha kioo kisiusukume.

Sasa kasha, ambako ndiko uzuri wako utazaliwa au utafia. Kioo mbele kinaweza kufaa ikiwa hewa ina mlango mwingine: yapo makasha yenye feni tatu chini zinazopuliza moja kwa moja kwenye kadi, na nyingine ubavuni. Hayo ni mazuri, na hayo nayapenda. Lako kama ninavyolielewa lina kioo mbele na nyufa nyembamba pembeni, halafu feni nyuma yake. Feni zitageuka, taa zitawaka, na hewa itakuwa ile ile inayozunguka ndani. Kadi ya wati 300 inapasha joto kama pasi ndogo. Chagua kati ya mawili: kioo mbele chenye feni za chini, au wavu mbele na kioo ubavuni tu. La kwanza liweke juu ya meza, miguu yake iwe mirefu, na kichujio cha chini kiwe kinachomoka kwa nje, maana utakisafisha mara kwa mara. Feni sita nzuri zinatosha: tatu au nne za kuingiza hewa, mbili za kutoa. Ukiingiza nyingi kuliko unazotoa, vumbi linaingilia kwenye vichujio badala ya kila tundu.

Kabla ya kulipa, chukua karatasi uandike vipimo vitatu: urefu wa kadi, urefu wa kipoza, na nafasi ambayo kasha linatoa kwa kila kimoja. Kadi za 5070 Ti za kampuni mbalimbali hazilingani, nyingine zinapita milimita 330. Radieta ya kipoza cha maji na feni zake zikikaa mbele zinakula zaidi ya milimita 50 za nafasi hiyo. Nimeona watu wazima wakikaa sakafuni na kadi mkononi isiyoingia, kwa milimita sita.

Kipoza: 9900X inapozwa vizuri na hitisinki ya minara miwili yenye feni mbili, na hiyo haina pampu ya kufa. Ndiyo ningeichukua kwa kompyuta yangu. Lakini mnara huo mkubwa utaziba RAM zako zenye taa, na huenda ukagusana nazo zikiwa ndefu, kwa hiyo kwako naona maji yana sababu. Chukua ya milimita 360 isiyo na kiskrini, radieta ikae juu ya kasha. Kanuni yenyewe ni pampu isiwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, kwa sababu hewa hupanda na kukusanyika humo. Tofauti ya kiskrini ipeleke kwenye skrini ya kweli. Na bandua karatasi ya nailoni iliyo chini ya bamba la shaba kabla ya kulifunga. Ni ndogo, inang'aa, na wageni wengi wa kazi hii huisahau wakashangaa kwa nini prosesa inapiga digrii 95.

Upande wa taa, ushauri wangu ni rangi moja. Chagua vifaa vyote vyeupe au vyote vyeusi, kisha mwanga wa namna moja, mweupe wa uvuguvugu kwa mfano, umulike nyaya zilizolala sambamba. Kinachowafanya watu wasimame kuitazama kompyuta ni mpangilio. Feni kumi zinazobadilika rangi zinaonyesha kila waya uliokaa ovyo. Kuna ubao mama zenye plagi zote upande wa nyuma. Ndani unaona vifaa tu, hakuna waya hata mmoja isipokuwa wa kadi, na nyingine hata huo umefichwa. Zinahitaji kasha lililotobolewa kwa ajili yake, kwa hiyo viamuliwe pamoja. Kwa sababu hiki chombo kitaonwa na wateja, mimi ningelifikiria hilo kuliko X870E.

Jihadhari na plagi za taa. Ziko za volti 5 zenye pini tatu, na za volti 12 zenye pini nne, zote zikiwa kwenye ubao mmoja, zinafanana. Taa ya volti 5 ukiilazimisha kwenye 12, imeungua. Soma maandishi madogo pembeni ya pini kwa tochi ya simu kabla ya kuchomeka. Nunua feni na vipande vya taa vinavyoendeshwa na programu moja. Programu tatu za taa zikigombana nyuma ya pazia zinakula nguvu uliyoilipia.

Na kile kioo cha ubavuni: ukikitoa, kilaze juu ya kitanda au taulo. Ukikisimamisha kwa ukingo wake juu ya vigae, mguso mdogo tu unatosha kukisambaratisha chote kuwa punje. Kigae ni kigumu kuliko kioo.

Rafiki yako wa iliyokwisha kuungwa hana kosa, ila wewe mkono umekuwasha mwaka mmoja na nusu, jenga. Tenga siku nzima. Kabla ya kuingiza chochote kwenye kasha, laza ubao juu ya boksi lake la karatasi, weka prosesa, kipoza, RAM mbili na kadi, chomeka pawa saplai, uone kama inawaka. Kama kuna kifaa kibovu, utakijua hapo kabla ya kufunga skrubu arobaini. Mara ya kwanza skrini itakaa nyeusi. Ubao unajifunza RAM zako, unazijaribu kasi moja baada ya nyingine, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Feni zitakuwa zinazunguka na wewe utakuwa na uhakika kwamba umeua kitu. Usizime. Kachukue maji ya kunywa, urudi.

Ikiwaka, ingia BIOS uwashe EXPO, la sivyo RAM za 6000 zitatembea kwa 4800 au karibu na hapo maisha yake yote. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi ya michoro, chini kule, usiuchomeke kwenye tundu la ubao mama lililo juu yake. Kisha fungua mipangilio ya skrini ubadilishe hezi kutoka 60 kwenda ile uliyoinunua, maana mara nyingi haibadiliki yenyewe. Halafu fungua ile harusi ya siku nne, weka video mbili moja juu ya nyingine, uicheze. Uniandikie iliendaje.